Nani Amepata Nafuu: Mbwa au Mwenye Mbwa?

Hoja ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa wanaotetea tiba mbadala kwa wanyama ni hii: binadamu anaweza kupata nafuu kwa imani tu, lakini mbwa hajui kama amepewa dawa au maji, kwa hiyo akipata nafuu, basi dawa imefanya kazi. Ukiisikia mara ya kwanza inashawishi. Inamfanya mnyama aonekane shahidi safi, asiye na upande. Nimetibu wanyama kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hoja hii imegeuzwa miguu juu. Mbwa hatoi ushahidi wowote. Hasemi kwamba maumivu yamepungua, wala hajui kuwa kuna kitu kinajaribiwa juu yake. Anayesema "amepata nafuu" ni mwenye mbwa, au mimi niliyemtibu. Na sisi wawili tumeshaweka moyo wetu pale. Tunataka sana apone.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha uchambuzi wa mbwa 58 waliokuwa wakichechemea kwa sababu ya kuchakaa kwa viungo. Mbwa hao walikuwa ndani ya jaribio la dawa ya maumivu, lakini wao walikuwa katika kundi lililopewa dawa tupu, isiyo na kitu ndani yake. Wenye mbwa waliulizwa hali zao, madaktari wakawatazama wakitembea, na kando ya hayo mbwa walipitishwa juu ya bamba linalopima nguvu ambayo kila mguu unaikanyagia chini. Bamba halimjui mbwa wala mwenye mbwa. Katika takriban asilimia 57 ya tathmini zao, wenye mbwa waliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Madaktari nao waliiona katika asilimia 40 hadi 45.

Hiyo namba ya pili ndiyo inayonikera. Mwenye mbwa ana haki ya kutumaini. Sisi tumesomea kazi hii, tumefundishwa kutazama hatua za mnyama, kumshika goti, kulikunja na kusikiliza, na bado karibu nusu ya wakati tuliona kitu ambacho hakikuwepo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba daktari fulani ana uzoefu wa miaka thelathini na ameona kwa macho yake dawa hii ikifanya kazi, simtukani daktari huyo, wala simwiti mwongo. Ninachosema ni kwamba macho yake, kama yangu, hayatoshi kwa kazi anayoyapa.

Kuna sababu nyingine zinazofanya dawa yoyote ionekane inafanya kazi, na zote ni za kawaida kabisa. Magonjwa mengi ya kudumu hupanda na kushuka yenyewe. Hakuna mtu anayemleta mbwa wake siku anaporukaruka. Anamleta siku ameshindwa kuinuka. Baada ya siku mbaya kuliko zote, siku zinazofuata kwa kawaida huwa afadhali, hata asipoguswa na mtu. Chochote alichopewa siku ile kinabeba sifa: matone, unga wa mizizi, sindano, mkufu wa sumaku. Halafu mtu anapoanza dawa mpya huwa haachi ya zamani, na mara nyingi anabadilisha mengine pia bila kuyahesabu: anampunguzia mbwa mbio, anamtandikia pazuri, anamshikashika zaidi, anampunguzia chakula. Mnyama anayeangaliwa kwa upendo hutulia kweli, na utulivu huo siudharau hata kidogo. Nauliza tu kama umetoka kwenye chupa.

Historia ya taaluma yangu yenyewe imenifundisha zaidi kuliko ubishi wowote. Kwa karne nyingi farasi walioumia kano za miguu walichomwa kwa chuma cha moto. Ngozi juu ya kano ilitobolewa au kupigwa mistari kwa chuma kilichoiva mpaka chekundu, kwa imani kwamba moto unaamsha uponyaji na kulifanya kovu kuwa gumu. Hawa hawakuwa waganga wa pembeni. Walikuwa madaktari waliosajiliwa, wenye vyeti, wakitibu farasi wa thamani kubwa, na waliapa kwamba wameona farasi wengi waliochomwa wakirudi kwenye mbio. Na kweli walirudi. Lakini farasi aliyechomwa hupumzishwa miezi mingi, kwa sababu hakuna mwenye akili anayempanda farasi mwenye vidonda mguu mzima. Hatimaye watafiti wa Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Ian Silver, walilinganisha. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 1983 ilionyesha kwamba moto haukuisaidia kano kupona. Kilichokuwa kikitibu ni mapumziko. Moto ulileta maumivu tu. Baadaye Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama cha Uingereza kilitamka kwamba uchomaji huo haukubaliki kimaadili.

Nawafikiria farasi hao kila ninaposikia neno "uzoefu." Mamia ya miaka ya uzoefu wa watu makini, na wanyama wakaunguzwa bure, kwa sababu hakuna aliyechukua kundi la pili, akalipumzisha bila kulichoma, kisha akalinganisha.

Tuje kwenye homeopathi, maana ndiyo inayouzwa kwa wingi kwa wanyama wa kila aina, kuanzia paka hadi ng'ombe wa maziwa. Iliasisiwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Wazo lake la kwanza ni kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mzima kitaponya dalili hiyohiyo kwa mgonjwa. La pili ni kwamba dawa hupata nguvu kadiri inavyozimuliwa na kutikiswa. Ukiona chupa imeandikwa 30C, maana yake sehemu moja ya dawa imezimuliwa kwa sehemu 99 za maji, kisha sehemu moja ya hayo kwa 99 nyingine, hivyo hivyo mara 30. Ukifika mara ya 13 tu, ni kama kutia tone moja katika maji yanayozidi bahari zote za dunia. Na bado kuna mara 17 mbele yako. Kwa hesabu za kemia ya kawaida, ukivuka mara ya 12 uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya kile kitu cha mwanzo unaanza kutoweka. Kinachobaki ni maji, pombe au sukari.

Wapo wanaojibu: achana na nadharia, tazama matokeo. Sawa, tuyatazame. Mwaka 2016 Caroline Doehring na Albert Sundrum walikusanya majaribio 52 ya homeopathi kwa mifugo. Katika 28 homeopathi ilionekana kushinda, katika 22 haikuonyesha tofauti. Ukiishia hapo unaweza kudhani mambo ni nusu kwa nusu na mjadala bado mbichi. Lakini hakuna hata jaribio moja kati ya yaliyofaulu lililorudiwa kwa namna inayolingana, kwa dawa ileile na ugonjwa uleule, likatoa jibu lilelile. Matokeo yanayotokea mara moja na hayarudi ni kelele. Sundrum huyohuyo, pamoja na D. Keller, aliendesha jaribio la ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele kwenye mashamba ya Ujerumani, kila ng'ombe akichaguliwa dawa yake binafsi kama wataalamu wa homeopathi wanavyodai ifanywe. Matokeo yalitoka mwaka 2018: homeopathi haikuvuka kile kilichopatikana kwa dawa tupu.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ugonjwa wa kiwele ndio unaowasukuma wafugaji wengi waaminifu kwenye tiba mbadala, na sababu yao ni nzuri. Hawataki kujaza antibiotiki kwenye maziwa. Wanajua juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na wanachoka kumwaga maziwa ya siku kadhaa kila ng'ombe anapotibiwa. Wasiwasi huo ni wa kweli na mimi ninao. Sheria za kilimo hai za Umoja wa Ulaya zimeenda mbali zaidi: zinasema dawa za mimea na homeopathi zitangulizwe kabla ya dawa za viwandani, antibiotiki zikiwemo, kwa sharti kwamba ziwe na nguvu ya kweli kwa mnyama na ugonjwa husika. Sharti hilo ndilo lenye uzito wote, na ndilo linalorukwa.

Jibu la wasiwasi wa mfugaji lipo, nalo limetokana na ushahidi. Ng'ombe wengi wenye ugonjwa wa kiwele usio mkali hawahitaji antibiotiki kabisa, ama kwa sababu mwili umeshawaua vijidudu kabla hujaona mabonge kwenye maziwa, ama kwa sababu vijidudu vyenyewe ni vya aina ambayo mwili huimaliza bila msaada. Ukichukua maziwa ya chuchu iliyougua, ukaotesha vijidudu kwa siku moja, kisha ukawatibu wale tu ambao kijidudu chao kinasikia dawa, unapunguza antibiotiki sana. Utafiti wa Alfonso Lago na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulipunguza matumizi hayo karibu kwa nusu, bila ng'ombe kupata hasara ya maana. Sasa tazama jambo hili kwa upande wa pili: ng'ombe ambaye angepona mwenyewe, akipewa matone, anahesabiwa kuwa ushindi wa matone. Mfugaji kaokoa antibiotiki kweli, ila si kwa sababu aliyoambiwa. Na siku atakapompata ng'ombe mwenye homa kali, kiwele kigumu kama jiwe na macho yaliyozama, atayaamini matone yale yale, na huyo hatakuwa na muda wa kusubiri.

Chanjo za homeopathi zinanitia hasira waziwazi. Huitwa nosode, na hutengenezwa kwa kuzimua usaha, kinyesi au kitu kingine cha mnyama mgonjwa mpaka kisibaki kitu. Watu huwapa watoto wa mbwa wakidhani wamewakinga na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Marekani waliwapa watoto wa mbwa nosode ya parvo, kisha wakawakutanisha na virusi vyenyewe. Waliugua kama wale ambao hawakupewa kitu. Aliyewahi kumwona mtoto wa mbwa mwenye parvo akitapika na kuhara damu hadi hana nguvu ya kuinua kichwa hawezi kuita hili suala la hiari ya mtu.

Akupancha, ile tiba ya kuchoma sindano nyembamba kwenye sehemu maalumu za mwili, ni habari tofauti kidogo. Sindano angalau ni kitu. Inagusa neva, na si upuuzi kufikiri kwamba inaweza kubadilisha maumivu. Lakini Gabriele Habacher na wenzake walipochambua mwaka 2006 majaribio 31 ya akupancha kwa wanyama, 14 kati yake yakiwa yamegawa wanyama kwa bahati nasibu, hawakupata ushahidi wa kutosha kuipendekeza wala kuikataa kwa ugonjwa wowote. Ufini walijaribu kupandikiza vipande vya waya wa dhahabu kwenye nukta za akupancha kwa mbwa 38 wenye nyonga mbovu. Waliopandikizwa dhahabu walipata nafuu. Na wale waliotobolewa bila dhahabu kwenye nukta zisizo za akupancha nao walipata nafuu, bila tofauti ya kuaminika. Jaribio jingine la Norwei lilikuja kupata tofauti. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kama sindano zina faida, ni ndogo kiasi kwamba imekuwa shida kuiona, na mwenye mbwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajaanza kulipa.

Mitishamba siwezi kuiweka kapu moja na homeopathi, na nakataa kufanya hivyo. Ndani ya mmea mna kemikali za kweli. Kuna mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi, Catharanthus roseus, uliotumika katika nchi nyingi kama dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer waliuchunguza huko Kanada. Sukari ya panya haikushuka kama walivyotumaini, lakini chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya sana. Kutoka kwenye mmea huo zikapatikana dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Leo vinkristini ndiyo dawa ninayoitegemea kwa mbwa wenye ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Sindano moja kwa wiki, na kwa mbwa wengi uvimbe unaovuja damu unanywea hadi unatoweka ndani ya wiki chache. Sijui furaha inayozidi hiyo katika kazi yangu. Na angalia ilivyopatikana: madai ya zamani yalijaribiwa, yakashindwa, na kule kujaribu kwenyewe kukafungua mlango ambao hakuna aliyeujua. Leo dozi yake inapimwa kwa ukubwa wa mwili, na tunajua kwamba ikivuja nje ya mshipa itaiozesha nyama ya mguu.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru, na mwili wa paka si mwili mdogo wa mtu. Ini la paka lina upungufu wa njia mojawapo kuu ya kusafisha sumu, ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua. Upungufu huohuo unamweka hatarini kwa mafuta mengi makali ya mimea, yale ya harufu, yanayouzwa kama "asilia kabisa." Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya mbwa na paka 443 wa Marekani na Kanada waliokutana na mafuta makali ya "tea tree" (si chai tunayokunywa) kati ya 2002 na 2012. Wengi wao walipakwa kwa makusudi, na watu waliowapenda, kwa ajili ya viroboto au ngozi. Walitokwa mate, wakayumba, wakatetemeka, wengine wakalegea miguu. Kitunguu saumu nacho, kinachosifiwa sana kufukuza viroboto, kikizidi huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na kwa paka hata kidogo ni hatari.

Ningekuwa sisemi kweli kama ningeishia kwa waganga wa nje ya taaluma. Mashelfu ya kliniki zetu yamejaa glukosamini na kondroitini, virutubisho vya viungo, tumeyauza kwa miongo, na mimi mwenyewe nimeyaandikia watu wengi kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Uchambuzi mkubwa uliotoka Kanada mwaka 2022, uliokusanya majaribio ya virutubisho kwa mbwa na paka wenye viungo vilivyochakaa, uliona kwamba mchanganyiko huo haupunguzi maumivu, na ukashauri uachwe. Mafuta ya samaki yenye omega-3 ndiyo yaliyoonekana kuwa na faida. Vivyo hivyo chanjo: tuliwachanja mbwa kila mwaka kwa magonjwa yote makuu, hadi miongozo ya Marekani ya mwaka 2003 ilipotamka kwamba kwa chanjo za msingi miaka mitatu inatosha, kwa sababu kinga ilipimwa ikaonekana inadumu. Majaribio yetu mengi bado yana wanyama wachache mno, na mengi yanalipiwa na wauzaji wa dawa. Nayajua haya yote. Ila ninaona tofauti moja kubwa: glukosamini imepimwa, ikashindwa, na inaanza kuondoka. Homeopathi ina zaidi ya miaka 200, na sijaona dawa yake hata moja iliyoondolewa na wataalamu wake wenyewe kwa sababu ilijaribiwa ikashindwa.

Kinachoniumiza zaidi katika haya ni muda ambao mnyama anaupoteza akiwa na maumivu. Mbwa mzee anayechechemea ana njia zilizothibitika. Kuna dawa za kupunguza maumivu na uvimbe, ambazo zina madhara kwa figo na tumbo lakini madhara yanayojulikana na kupimika. Kuna mazoezi ya taratibu. Kuna kupunguza uzito, tiba ambayo hakuna anayeitangaza kwa kuwa haina chupa. Katika utafiti ulioanza mwaka 1987, mbwa 48 wa aina ya Labrador waliwekwa wawili wawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yake yote. Waliokula kidogo waliishi umri wa kati wa miaka 13, wenzao 11.2, na viungo vyao vilichelewa sana kuharibika. Karibu miaka miwili ya maisha, kwa kikombe cha kupimia tu.

Mtu akinijia na chupa ya matone aliyokwisha kuinunua, simnyang'anyi. Nikimdhihaki ataondoka, na mbwa ataondoka naye. Namwambia ninachokijua, waziwazi, kisha tunakubaliana kabla ya tone la kwanza: ni kitu gani kitatuonyesha kwamba imefanya kazi? Si "amechangamka." Tunachagua vitu vinavyohesabika. Anapanda ngazi zile zile akisita mara ngapi, anachukua sekunde ngapi kuinuka asubuhi, anafika umbali gani kabla hajakaa chini. Tunampiga picha ya video akitembea mahali palepale, saa ileile, kisha tunaziandika video kwa namba badala ya tarehe na kumpa mtu mwingine wa nyumbani, asiyejua matone yalianza lini, azipange kuanzia anapochechemea sana hadi anapochechemea kidogo. Kwa ng'ombe tunapima idadi ya seli kwenye maziwa, ambazo huongezeka kiwele kikiugua, na kuotesha vijidudu tena. Tunaweka tarehe ya kuacha, na tunaiandika. Wengine hukataa mpango huu, na kukataa kwao kunaniambia mengi. Wengi hukubali, na baadhi yao hurudi na video na namba zao wakiwa wamekwisha kuamua wenyewe kabla sijafungua mdomo. Muda wote huo mbwa anaendelea na dawa yake ya maumivu, kwa dozi yake, kila siku. Hapo sina mjadala na mtu.